Maji Yaliyokosa Kina

Iko nchi moja, wala si hii yetu, ambayo ramani yake ilipelekwa kupigwa chapa na mpaka leo haijarudi, kwa hiyo hakuna awezaye kusema iko wapi. Wenyeji wake hawana shida. Ukame, kwa mfano, haujawahi kuwafika. Kilichowafika mwaka ule ni jua la ziada, na serikali iliwashukuru wananchi kwa kulipokea vizuri.

Wala maji ya Bwawa Kuu hayakushuka. Neno "kushuka" lilikuwa limeondolewa katika mazungumzo rasmi kwa sababu lilikuwa likiwatia watu kiu. Maji yalikuwa yanainama. Yaliinama kwa adabu, taratibu, kama mkwe anayeingia ukweni, mpaka mitumbwi ikabaki imekaa juu ya udongo uliopasuka, na ng'ombe wakawa wanalifuata bwawa kila asubuhi kama watu wanaofuata gari la kampeni.

Ndipo Rais wa nchi hiyo, ambaye watu wote humwita Mlezi Baba Amani, aliposema kwenye kikao: "Nasikia huko bwawani kuna tatizo la kina. Nitafutieni mtu anayejua kina, atutabirie kitafika wapi."

Waziri wa Maji na Matumaini, Mheshimiwa Mkomwa, akatoka mbio kumtafuta katibu wake. Katibu huyo, Bwana Hamdu, alikuwa amesoma mashairi shuleni na kuchapwa sana kwa ajili yake, na hakuwa amesahau hata kiboko kimoja.

"Usihangaike, mheshimiwa," alisema. "Kina ni ile sauti ya mwisho ya mstari. Watu wake wapo."

Ndivyo gari la serikali lilivyokuja kusimama Kibuyuni, mtaa wa mwisho kabisa kwenye njia ya bomba, mbele ya nyumba ya Mize.

Mize alikuwa mtunzi wa mashairi ya harusi. Aliyatunga, akawapa wengine wayaimbe, naye akaenda kukaa nyuma kwenye masufuria asionekane. Aliishi na dada yake, Raya, ambaye mumewe alikuwa mbali kikazi na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Raya alikuwa na mdomo wa watu wawili, wake na wa mdogo wake.

"Huyu," aliwaambia majirani, "hata akimfukuza kuku jikoni, kwanza humwomba radhi."

Bwana Hamdu aliingia uani akijipepea kwa faili.

"Wewe ndiye Bi Mize?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kina?"

Mize alitazama chini. "Cha kati au cha mwisho?"

Bwana Hamdu alimgeukia dereva kwa ushindi. "Unaona? Mtaalamu. Mwingine angesema kirefu au kifupi."

"Lakini mimi najua vya harusi tu, bwana."

"Harusi na serikali ni kitu kimoja, binti yangu. Watu wanakaa juani, wanapiga makofi, na chakula hakiwafikii wote. Panda gari."

Mize alimtazama dada yake. Raya alishika kiuno, tumbo mbele. "Nenda, mdogo wangu. Mkubwa akikuita hukatai. Na ukifika huko juu waambie bomba letu linatoa maji kama mzee mwenye shida ya mkojo. Mimi nitazaa na nini?"

Lilikuwa swali la kweli. Zahanati ya Kibuyuni ilimpokea mzazi yeyote aliyekuja na ndoo yake ya maji. Asiyekuwa nayo alipokelewa pia, ila muuguzi alikuwa amekwisha kuwatangazia wote: "Ukija mikono mitupu, mtoto atakogeshwa kwa maneno."

*

Ofisini Mize alipewa cheo cha Mkuu wa Kina, kiti kinachozunguka, na mhuri. Kisha akaelezwa sheria.

Sheria ya kwanza: utabiri utasomwa hadharani kila mwezi, na utaishia kwa jina la Mlezi Baba Amani. Sheria ya pili: kwa kuwa Mkuu wa Kina ni mtu wa kina, utabiri uwe na vina, na mizani yake itimie. Sheria ya tatu ilihusu maboza. Magari hayo ya kubeba maji yalikuwa yameegeshwa kwenye ua wa wizara, yakioshwa kila siku kwa maji mengi ili yawe tayari. Boza halikuruhusiwa kutoka getini mpaka utabiri useme kwamba maji yatainama kupita mdomo wa bomba. Kabla ya hapo, kupeleka maji kwa watu kulihesabiwa kuwa uchochezi.

Mize alielewa jambo moja tu: ndoo ya dada yake ilikuwa imefungiwa nyuma ya shairi.

Utabiri wake wa kwanza aliambiwa autungie namba hamsini, kwa sababu mti wa vipimo uliosimama bwawani ulionyesha futi hamsini na kitu, na "kitu" hakikuwa na kina. Alitunga hivi:

Enyi watu wa mitaa, maji mwisho hamsini,
Mwanga wetu unang'aa, Mlezi Baba Amani.

Waziri Mkomwa aliusoma mwenyewe kwenye ukuta wa bwawa, chini ya mwavuli, bendi ikapiga. Watu walipiga makofi. Ilikuwa vigumu kutopiga, kwa sababu mistari ile ilikaa vizuri mdomoni.

Maji hayakuwa na habari. Yalipopita hamsini, Bwana Hamdu alimtaka Mize aandae arobaini. Mize alihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Haiingii, bwana."

"Haiingii vipi?"

"Hamsini ina mizani nne. Arobaini ina tano. Inazidi."

Kamati ya Kina ilikaa. Wajumbe walihesabu kwa vidole, kisha wakahesabiana vidole, wakakuta ni kweli. Basi serikali ikatangaza kwamba maji, kwa kuipenda nchi yao, yameamua kuiruka arobaini na kwenda moja kwa moja thelathini, ambayo ina mizani nne safi. Kwa muda kidogo bwawa lilikuwa na maji mengi kuliko utabiri, na waziri akapewa nishani kwa ajili ya ziada hiyo.

Thelathini nayo ikapita. Ikaja ishirini, mizani nne. Waziri alitoka jasho la furaha. "Angalieni namba zetu!" aliwaambia waandishi wa habari. "Hamsini, thelathini, ishirini, zote zinaishia ni. Na Baba Amani anaishia ni. Hii si bahati, ndugu zangu. Huu ni uongozi."

Maji yakaipita na ishirini, na safari hii fundi alitumwa na kitambaa na kopo la rangi, akafuta namba za kwenye mti wa vipimo na kuziandika upya chini zaidi, mpaka ishirini ikagusa maji. Alifanya kazi ile akiwa amesimama kwenye tope, hakuhitaji mtumbwi.

Nyumbani, Raya alikuwa akiweka sufuria chini ya bomba alfajiri na kulikuta halijajaa jua likichomoza.

"Mkuu wa Kina," alisema, "leo dada yako ameoga uso na mguu mmoja. Kesho ni zamu ya mguu wa pili. Huko ofisini mnaogaje?"

"Sisi hatuogi ofisini, dada."

"Basi mnasafisha maboza. Nimepita pale getini nikayaona yanameremeta kama bibi harusi." Akakaa kwenye kigoda kwa uzito. "Sikutanii sasa, Mize. Hayo maji yatafika wapi?"

Mize hakuwa anajua. Alikuwa anajua yanapofika kwenye mistari ya shairi, basi.

*

Alikuwepo mtu anayejua. Zamani bwawa lilikuwa na mhandisi wake, Selestini, aliyepima maji tangu ujana. Nafasi ya mtu wa kina ilipopewa Mize, Selestini ilibidi apewe nafasi nyingine ya kina, na iliyokuwa wazi ilikuwa kwenye Baraza la Ushairi. Mize alimkuta huko ameinama juu ya kitabu na rula ya chuma.

"Karibu, dada. Nimalizie utenzi huu. Una kina cha sentimita mbili na nusu. Si mbaya, lakini nimekuta wenye kina zaidi, wenye jalada gumu."

"Mhandisi, nimekuja kuuliza habari za maji."

Mzee yule alitazama mlango. "Mimi nimekatazwa maji. Sasa ni mtu wa mashairi."

"Na mimi ni mtu wa mashairi, nimepewa maji."

Walitazamana. Selestini aliweka rula chini, akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye amechoka hata kukasirika.

"Mdomo wa bomba uko futi kumi," alisema. "Kumi ya zamani, si ya yule fundi wa rangi. Kwa jua hili maji yatakuwa chini ya bomba kabla mwezi haujaandama. Watakaokauka kwanza ni ninyi wa mwishoni, Kibuyuni."

"Na baada ya hapo yatafika wapi?"

"Baada ya hapo si maji tena. Ni tope." Akachukua rula yake. "Waambie watu wajaze vyombo sasa hivi, wakati bomba bado linakohoa. Mimi niliwaambia. Wakasema lugha yangu haina mvuto."

*

Siku iliyofuata Mize alijikaza akaingia kwa Bwana Hamdu bila kuitwa. Alisimama karibu na mlango.

"Bwana, nataka utabiri wa mwezi huu useme kumi."

"Kumi?" Bwana Hamdu alilitamka kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye wali. "Kumi, Amani. Kumi, Amani. Binti yangu, mbona havipatani?"

"Havipatani, bwana. Lakini ndipo maji yanapokwenda."

"Sikiliza. Wewe ndiye uliyetufundisha haya. Kama kumi haina kina na Baba Amani, basi maji hayawezi kufika kumi. Hilo si jambo la mvua, ni la sarufi. Au unataka tumwambie Mlezi abadili jina aitwe Baba Gumi, ili wewe upate kumi yako?"

Waziri Mkomwa, aliyekuwa akipita, alisimama mlangoni. "Nani anataka kumbadili Mlezi jina?"

"Hakuna, mheshimiwa. Bi Mize alikuwa anauliza."

"Watu wengi wako ndani kwa kuuliza," alisema waziri kwa upole, akaenda zake.

Mize alirudi kwenye kiti chake kinachozunguka. Alizunguka kidogo, si kwa kupenda, kiti chenyewe kilikuwa na tabia hiyo. Alifikiri habari za tope. Kisha alifikiri kwamba ukilisema tope lilipo, yaani matopeni, linaishia ni. Alihesabu kwa vidole. Mizani nne. Akatunga shairi mchana ule ule, wala halikumpa taabu. Ya harusi yalikuwa yamempa taabu zaidi.

Kamati ya Kina ilikaa kulipitisha. Mjumbe wa kwanza alihesabu mizani, akakuta kumi na sita kila mstari. Wa pili alikagua vina vya kati, wa tatu vya mwisho. Wa nne, mzee mmoja mkimya, aliinua mkono.

"Naomba kuuliza. Linasema nini?"

Mwenyekiti alivua miwani. "Ndugu mjumbe, hii ni Kamati ya Kina. Kamati ya Maana bado haijateuliwa."

Likapitishwa kwa makofi.

*

Siku ya Utabiri watu walijaa ukutani kuliko kawaida, kwa sababu nyumbani hapakuwa na cha kufanya: huwezi kufua wala kupika. Wa mitaa ya juu, ambao bomba lao lilikuwa bado linatoa, walikaa mbele kwenye viti. Wa Kibuyuni walisimama nyuma na ndoo zao, maana siku hizo mtu hakuiacha ndoo nyumbani. Raya alikuwepo ameegemea nguzo. Chini yao bwawa lilikuwa dogo, la kahawia, na kunguru walikuwa wanatembea pale palipokuwa na kina.

Waziri Mkomwa alikunjua karatasi. Alikuwa hajaisoma. Alipenda kukutana na shairi hadharani, kama watu wengine.

Enyi watu wa mitaa, maji mwisho matopeni,
Jua kali limekaa, bomba lakauka ndani,
Jazeni kila kifaa, vyombo vyote vya nyumbani,
Mwanga wetu unang'aa, Mlezi Baba Amani.

Alikuwa na sauti nzuri, Mungu amjalie. Alilisoma tena kwa kupenda mwenyewe, akivuta ile "ndaaani" mpaka kipaza sauti kikalia. Viti vya mbele vilipiga makofi na vigelegele. Bendi ikalidaka.

Nyuma, mwanamke mmoja wa Kibuyuni alimtazama mwenzake.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Na serikali yenyewe imesema."

Akachukua ndoo yake akaondoka. Mwingine akamfuata. Kisha wakaondoka kwa makundi, kwa haraka, kanga zimefungwa viunoni, na Raya akiwa katikati yao akitembea kama bata huku akipiga kelele kwamba anayetaka kumpita ampite ila asimsukume.

"Wameguswa," Waziri Mkomwa alimnong'oneza Bwana Hamdu. "Ona wanavyokwenda kulia majumbani."

Siku ile yote, usiku wake na kesho yake, Kibuyuni ilijaza. Walijaza ndoo, mitungi, masufuria, madumu, beseni, birika za wageni. Fundi seremala alijaza jeneza ambalo lilikuwa halijapata mteja. Raya alijaza ndoo mbili, akazifunika kwa masinia, akaweka mawe juu ya masinia, akakaa kando yake.

"Mdogo wangu," alimwambia Mize alipofika, "leo umesema na watu wakasikia. Sasa nenda kaniletee hilo boza, maana hizi ndoo ni za kuzaa tu. Za kuishi bado."

*

Mize alitarajia kwamba maboza yangetoka. Utabiri ulikuwa umesema bomba litakauka, na sheria ndiyo iliyotaka hivyo. Alipofika ofisini alikuta geti la wizara liko wazi na ua mtupu.

"Yametoka, bwana?"

"Yote!" Bwana Hamdu alikuwa na tabasamu pana. "Na hongera zako. Umemaliza ubishi wa muda mrefu, wa maji yaishie mtaa gani. Maji mwisho Matopeni. Kusema kweli nilikuwa sijui kama bomba letu linafika kule."

"Kule wapi?"

"Matopeni. Si mpakani huko magharibi? Ramani hatuna, lakini dereva mmoja ana shemeji yake kule."

Mize aliona sakafu inasogea, na safari hii hakuwa kwenye kiti. "Bwana Hamdu. Matopeni ni... ni kwenye matope. Bwawani. Si mahali."

"Si mahali vipi, na linaishia ni? Kibuyuni si mahali?"

"Kibuyuni ndiko yanakotakiwa kwenda!" Lilikuwa ndilo neno la sauti ya juu kuliko yote aliyowahi kuyasema mbele ya mtu mzima, na mara moja akashika mdomo.

Bwana Hamdu hakukasirika. Alimtazama kwa huruma ya kiofisi.

"Kibuyuni haimo kwenye utabiri, binti yangu. Ungeitaja. Nayo si ina kina kizuri tu?"

Mize aliweka mikono nyuma ya mgongo akahesabu vidole vyake. Maji mwisho Kibuyuni. Mizani nane kamili. Lingekaa kwenye mstari kama kidole kwenye pete.

Matopeni ya magharibi, ilikuja kujulikana, ni kijiji ambako mvua ilikuwa ikinyesha tangu mwaka uliopita. Wenyeji walikuwa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Walipoona msafara unakuja walishangilia, kisha wakaona neno "Maji" limeandikwa ubavuni mwa magari, wakanyamaza. Maboza yalimwaga mzigo wake kama yalivyoagizwa, kisha yakazama mpaka kwenye milango, na mpaka leo yako huko. Redio ilitoa taarifa kwa furaha: maji yamefika Matopeni salama, kama yalivyotabiriwa. Waziri Mkomwa alipata nishani ya pili.

Mize alirudisha mhuri. Walimwambia kujiuzulu hakuwezekani, kwa kuwa neno hilo halina kina, ila anaweza kuwa likizoni. Akaenda nyumbani kwa miguu.

*

Bomba la Kibuyuni lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Siku chache baadaye la mitaa ya juu nalo likanyamaza, na wale wa viti vya mbele, waliopiga makofi na vigelegele, walitoka nje na vyombo vitupu wakiulizana ni nani aliyewahi kuambiwa.

Uchungu ulimshika Raya asubuhi, jua likiwa tayari kali. Mize alibeba ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, na Raya akamshika bega.

"Usimwage, wewe."

"Simwagi, dada."

"Ukimwaga nitazaa hapa hapa barabarani nikuaibishe."

Muuguzi aliwapokea mlangoni. Hakuuliza jina wala kadi. Aliinua sinia, akatazama ndani ya ndoo, akasema, "Haya, mama, ingia." Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kike, mwenye kelele. Mize alichota maji kwa kata na kuyamimina polepole, na yule mtoto aliyekuwa wa rangi ya tope akaanza kuonekana ni mtu. Maji yaliyomtoka yaliingia kwenye beseni chini, mekundu kidogo, yenye povu.

Raya alikuwa amefumba macho. "Yamebaki mangapi?"

"Yamebaki, dada. Lala."

Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke wa mitaa ya juu, mwenye kitenge kizuri na viatu vya kisigino kando yake. Uchungu wake ulikuwa unakuja na kwenda. Ndoo yake ilikuwa mguuni pa kitanda, mpya, ya plastiki, bado ina karatasi ya dukani, na ilikuwa kavu. Mize alipolishika beseni kwenda kulimwaga nje, yule mwanamke aliinuka kwa kiwiko.

"Dada yangu," alisema, "samahani. Hayo ya mtoto, usiyamwage."

Mize aliliweka beseni chini kando ya kitanda chake, akarudi kufunika ndoo yenye maji yaliyobaki.